Kurasa za daftari si kipimo cha mwezi wa chekechea

Mhariri,

Mwezi unapoisha, mzazi wa mtoto wa chekechea huomba kuona daftari. Akikuta kurasa zimejaa a a a a na 1 1 1 1, na alama ya vema nyekundu chini ya kila mstari, huondoka ameridhika. Akikuta zimeandikwa kurasa tano tu, huuliza mwalimu anashinda akifanya nini. Naomba nafasi katika safu yako niwaeleze wazazi, pamoja na wenye shule wanaowaogopa wazazi, jinsi mwezi wa watoto wa miaka minne na mitano unavyopaswa kwenda, na kwa nini kazi nzito kuliko zote haiachi alama daftarini.

Simlaumu mzazi, kwani daftari ndilo ushahidi pekee anaopewa. Ila ushahidi wenyewe una kasoro. Mstari wa herufi a ishirini huweza kuandikwa na mtoto asiyejua a inatamkwaje. Utazame vizuri: a ya kwanza huwa nzuri kuliko ya ishirini, maana kadiri mkono unavyochoka ndivyo mtoto anavyoacha kutazama kielelezo cha mwalimu na kunakili ile aliyotoka kuiandika. Kosa la herufi ya sita linasafiri hadi mwisho wa mstari. Amefanya mazoezi, ndiyo, ya kukosea.

Mwezi wa shule una siku 20 hivi za masomo. Nashauri zote zishikwe na mada moja, na mada hiyo iwe kitu ambacho mtoto anaweza kukishika, kukinusa, kukimwaga na kukihesabu. Maji yanafaa, mchanga unafaa, mwili wake mwenyewe unafaa. Anga na sayari huishia kwenye picha ya ukutani. Hapa nitachukua mada ya mbegu, kwa kuwa ndani yake mna hesabu, lugha, sayansi na kazi ya mikono bila kulazimisha.

Kosa la kwanza huanzia kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa masomo wa mwalimu: kupanda huwekwa wiki ya nne, kama kilele cha mada. Punje ya harage penye joto hutoa mzizi baada ya siku mbili hadi nne, na shina hunyanyuka baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Ukipanda wiki ya nne, mwezi unakwisha watoto wakitazama pamba yenye maji. Maharage yalowekwe Jumatatu ya kwanza kabisa, na mafundisho mengine yote yafuate mwendo wake.

Hiyo Jumatatu watoto wayashike kwanza yakiwa makavu, wayatikise kwenye kopo wasikie mlio, na punje tatu kavu zigundishwe kwenye kadi. Mengine yalale majini usiku kucha, saa 8 hadi 12. Yakizidisha siku nzima yanakosa hewa na kuanza kuoza. Jumanne zile tatu za kwenye kadi zinalinganishwa na zilizovimba, na hapo maswali hujitokeza yenyewe bila mwalimu kuyachokoza. Kisha kila mtoto apewe kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani. Upande wa ndani akizungushie karatasi ya shashi, katikati ajaze pamba au karatasi iliyofinyangwa ili kuishikilia, halafu asukume punje tatu kati ya shashi na ukuta wa kikombe, nusu ya kimo, zisiguse chini. Amwagie maji vijiko viwili vikubwa, na chini yabaki kina cha nusu sentimita tu. Shashi itayanyonya na kuyapandisha yenyewe. Wengi hukosea hapa kwa ukarimu: maji yanajazwa hadi punje inazama, inakosa hewa, na kufikia Ijumaa kikombe kinanuka.

Punje ni tatu kwa sababu zipo zitakazokufa, na mtoto mwenye punje moja ikiharibika hana tena kazi ya mwezi. Mwalimu naye aoteshe vikombe vitano vya akiba. Jumamosi na Jumapili ndizo huua vikombe vingi, si kwa baridi wala wadudu bali kwa kukauka. Ijumaa mchana viongezwe maji, vifunikwe kwa mfuko wa plastiki bila kukazwa, viondolewe kwenye jua la moja kwa moja.

Vikombe viwili vya mwalimu vitengwe kwa jaribio: kimoja kinyimwe maji, kingine kinyweshwe lakini kifungiwe kabatini. Kabla ya kuvitenga, kila mtoto achukue kadi yenye jina lake na kuiweka chini ya kikombe anachodhani kitaota. Mwalimu asiseme jibu, wala uso wake usiliseme. Baada ya wiki moja na nusu cha kabatini kitakuwa kimeota, na shina lake litakuwa refu kuliko la dirishani, ila limepauka, jembamba na legelege. Karibu darasa zima huwa limebashiri kwamba gizani hapaoti kitu. Mbegu huanza kwa kula akiba iliyomo katika vipande vyake viwili. Mwanga unahitajika baadaye. Mtoto wa miaka mitano anaelewa maelezo hayo akiipasua punje iliyolowekwa na kukiona kimche kimelala ndani.

Tahadhari zinazosahaulika ni hizi. Darasa lenye watoto walio chini ya miaka mitatu lisitumie punje kabisa, kwa hatari ya kukabwa. Hata kwa wakubwa, punje zihesabiwe zinapotolewa na zinaporudi, kwa sababu harage kavu likiingia puani au sikioni huvimba kwa unyevu na kutoka kwake ni kazi ya daktari, si ya kibanio cha mwalimu. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayovuruga tumbo hadi yapikwe vizuri, kwa hiyo hakuna kuonja. Mbegu za dukani za kupandia mara nyingi hupakwa dawa yenye rangi. Tumia za kula. Na mbegu za mbarika, pamoja na urembo wake wote, zisivuke mlango wa darasa, kwani zina sumu inayoweza kuua.

Tangu wiki ya pili mche unapimwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Rula iwekwe kando, maana sentimita haimwambii lolote mtoto wa umri huu. Chukua ukanda wa karatasi wenye upana wa sentimita 2, usimamishe kando ya mche, mtoto aukate pale mche unapofikia. Kanda zinagundishwa bango moja, zikisimama kwa mpangilio wa siku. Kabla ya gundi, chora mstari mnene chini ya bango na kila ukanda uanzie hapo. Usipouchora, mmoja ataanzia juu, mwingine chini, na ukanda mfupi utaonekana mrefu. Mwisho wa mwezi mtoto ana kanda saba au nane zinazopanda kama ngazi. Hiyo ni chati yake ya kwanza, ameitengeneza kabla ya kulijua neno chati, na wala haikuingia daftarini.

Hesabu nayo ina udanganyifu wake. Mzazi husimama mbele ya wageni na kumwambia mtoto ahesabu, naye anatiririka moja hadi ishirini kama wimbo. Ni wimbo kweli. Mwekee punje kumi mezani, umwambie: "Nipe nne." Watoto wengi wa miaka mitatu na minne wanaoimba hadi ishirini watakuchotea konzi nzima. Hujifunza maana ya moja, baadaye mbili, baadaye tatu, na kati ya hatua moja na nyingine huweza kupita miezi. Akishaelewa tatu au nne, ndipo siri ya kuhesabu inapomfungukia na namba zinazofuata zinakuja kwa kasi. Mwaka 1978 wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel walieleza kanuni ambazo mtoto hana budi kuzishika: kila kitu kipewe namba moja tu, namba zifuatane kwa mpangilio uleule, namba ya mwisho kutajwa ndiyo jumla, chochote kinaweza kuhesabiwa, na ukianza kulia au kushoto jumla haibadiliki.

Ukizijua kanuni hizi unajua mtoto amekwama wapi. Kidole kikienda taratibu kuliko mdomo, anakosa ile ya kwanza. Mpe trei ya mayai tupu aweke punje moja kila shimo, na aseme namba wakati punje inaanguka, si kabla. Ukimwuliza "Ziko ngapi?" baada ya kuhesabu, naye akaanza tena moja, mbili, tatu, bado hajajua kwamba namba ya mwisho ndiyo jibu, hesabu naye, kisha funika punje kwa kiganja na urudie swali. Punje akizipanga mduara huzunguka bila kikomo, hivyo ya kwanza iwe ya rangi tofauti. Wiki ya kwanza ibaki ndani ya tatu, ya pili ndani ya tano. Watakaofika kumi mwishoni mwa mwezi wafike kwa vitu mkononi. Kuandika umbo la 8 kunaweza kusubiri. Mikunjo yake inahitaji mkono ambao wengi bado hawana.

Mkono hukua kwa ratiba yake. Mistari ya kuchora ina ngazi zinazojulikana: wima hutangulia, mlalo hufuata, duara likikaribia miaka mitatu, msalaba kwenye minne, mraba baada ya hapo, na mistari ya mshazari, yaani alama ya X na pembetatu, karibu na mitano. Ndiyo maana k, v, w na z huwatesa watoto ambao i, l, t na o wanaziandika vizuri. Shule inayofundisha herufi kwa kufuata alfabeti haijautazama mkono. Anza na zenye mstari wima, fuata zenye duara, za mshazari ziwe mwisho kabisa. Na herufi iliyogeuzwa kichwa nyuma, d ikawa b, ni jambo la kawaida hadi mtoto atimize miaka sita au saba. Haihitaji alama ya mkasi.

Penseli haijengi mkono, mkono ndio unaotangulia penseli. Kuchana karatasi vipande vidogo, kuminya sponji yenye maji, kubana vibanio vya nguo kwenye ukingo wa boksi, kufinyanga donge: haya ndiyo maandalizi. Krayoni zivunjwe vipande vya sentimita 3 au 4. Wazazi hushtuka wakiziona, lakini kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, kinalazimisha vidole vitatu bila mwalimu kufoka "shika vizuri". Karatasi kubwa ibandikwe ukutani kwa usawa wa macho ya mtoto. Akichora amesimama, kifundo cha mkono kinajikunja upande unaofaa kwa kuandika.

Donge la kufinyanga lisinunuliwe. Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vijiko 2 vikubwa vya mafuta ya kupikia, na maji ya vuguvugu kuanzia robo tatu ya kikombe hadi kikombe 1, yakiingia kidogo kidogo huku ukikanda. Kiasi hicho kinatosha watoto wanne au watano. Likinata vidoleni ongeza unga, likipasuka ongeza mafuta kwa matone. Chumvi ya mawe hulifanya likwaruze na kuwasha penye mchubuko, kwa hiyo saga kwanza. Libaki kwenye chombo chenye kifuniko. Hukaa wiki moja hadi mbili, na likiota ukungu litupwe, lisikandwe upya kwa kuhurumia unga. Chumvi iliyomo ni nyingi mno kuliwa, na mtoto ambaye ngano humdhuru atafutiwe kingine.

Mkasi una hatua zake pia. Wiki ya kwanza ukanda mwembamba wa kukatika kwa mkato mmoja. Wiki ya pili ukanda mpana unaotaka mikato miwili au mitatu. Kufuata mstari mnyoofu kuje mwishoni. Karatasi iwe nzito kidogo, ya jalada, kwa sababu nyepesi hujikunja kati ya visu na mtoto anadhani kosa ni lake. Kidole gumba kielekee juu, kwa mkono ukatao na kwa ushikao karatasi. Wenye kutumia kushoto wapewe mkasi wa kushoto. Wa kulia ukiwa mkononi mwao unasukuma visu viachane na haukati.

Kuhusu kusoma nitasema machache, ingawa ndiyo wazazi wanayoyataka zaidi. Sikio litangulie jicho. Kupiga makofi kwa silabi kuanze wiki ya kwanza kwa majina ya watoto, kisha maneno ya mada: ma-ha-ra-ge makofi manne, mbe-gu mawili, m-ti mawili. Hapo wapo walimu wanaokosea, wanaipigia mti kofi moja, ilhali m yake ni silabi kamili; katika mbegu imeungana na b na haina kofi lake. Mtoto aliyesikia tofauti hiyo hataandika "ti" akikusudia mti. Fuata kwa mchezo wa silabi ya mwanzo: maji, maua, matunda, meza, nani ametoka nje ya kundi? Irabu tano zije baada ya hapo, zikitamkwa kama zinavyosikika katika neno, na m isomwe kwa midomo iliyofungwa, isiitwe "em", kwani mtoto anayejua "em" na "a" hawezi kuziunga zikawa ma. Herufi mbili mpya kwa wiki zinatosha sana.

Kitabu cha hadithi kimoja kwa wiki, kisomwe siku nne. Siku ya kwanza moja kwa moja bila kukatiza. Ya pili unasimama kwenye maneno matatu mapya. Ya tatu unafunika maandishi, watoto wanaisimulia kwa picha. Ya nne wanaiigiza. Walimu huogopa watoto watachoka. Wanaochoka ni wakubwa. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililoonyesha kwamba watoto wadogo ambao wazazi wao walifundishwa kuwauliza maswali ya wazi wakati wa kuwasomea, na kuyapanua majibu yao, walisonga mbele katika lugha kuliko waliosomewa kwa kawaida. Kuyapanua ni jambo dogo. Mtoto anasema "mbegu maji", mwalimu anajibu "Ndiyo, mbegu imekunywa maji ikavimba", naye anarudia.

Sasa siku inagawanywaje? Kwa kipindi cha saa nne: kuwasili na mahudhurio dakika 20, ambapo kila mtoto anatafuta kadi ya jina lake na kuitundika; duara la pamoja dakika 15, zikizidi 20 watoto wanaanza kuvutana nguo na kosa si lao; kona za kujifunzia dakika 50; kunawa na kula dakika 30; nje dakika 45; kazi ya kundi dogo na mwalimu dakika 20; hadithi dakika 15; kufunga na kuaga dakika 15. Ukijumlisha hupati saa nne kamili, na ndivyo ilivyo: dakika 30 zilizobaki huliwa na choo, foleni, viatu na kulia. Ratiba isiyoziacha hizo huvunjika kufikia saa tatu asubuhi. Magomvi mengi hutokea kwenye kusubiri, si kwenye kucheza, kwa hiyo watoto watano waende kunawa wakati wengine bado wanakusanya vifaa, na dakika tano kabla ya kukusanya waambiwe.

Kona tano za watoto watano watano zinalitosha darasa la 25: matofali ya mbao, nyumba na maigizo, vitabu, maji au mchanga, na meza ya mikono. Ya vitabu ikae mbali na ya matofali, ya maji karibu na mlango. Kila kona iwe na ndoano tano za kutundika kadi ya jina. Ndoano zikijaa, kona imejaa, na mwalimu hana haja ya kuwa askari. Darasa la 50 au 60 lenye walimu wawili ligawanywe, nusu nje na nusu kwenye kona, kisha wabadilishane. Lenye mwalimu mmoja kwa idadi hiyo haliwezi kuendesha kona tano kwa usalama, na mwenye shule aambiwe hivyo bila kupakwa mafuta.

Kipo kishawishi cha kubadilisha vifaa vya kona zote kila Jumatatu ili darasa lionekane jipya. Kinaharibu. Mtoto anahitaji siku kadhaa na kifaa kilekile ili atoke kwenye kukigusa afike kwenye kukitumia kwa mpango. Ongeza kitu kimoja au viwili kwa wiki: mizani ya vikombe kwenye meza ya mikono, "duka la mbegu" kwenye maigizo katika wiki ya tatu, lenye bei za kuandikwa na watoto hata kama ni mikwaruzo.

Matofali yanastahili neno la ziada kwa sababu ndiyo huonwa kama upuuzi. Caroline Pratt, mwalimu wa New York, aliyasanifu mwanzoni mwa karne ya 20 kwa uwiano wa 1:2:4, na fundi seremala yeyote anaweza kuyachonga: unene sentimita 3.5, upana 7, urefu 14. Lenye urefu mara mbili 28, nusu yake 7. Seti ya kuanzia iwe na mia moja hivi. Shida huja fundi akikosea milimita mbili tatu. Nusu mbili hazilingani tena na zima moja, mnara unainama, na ile hesabu ya sehemu iliyokuwa imejificha ndani ya mbao inapotea. Kabla ya kulipa, pima kwa kulaza nusu mbili juu ya zima na kupitisha kidole kwenye ukingo.

Muda wa nje usikatwe ili kupata muda wa kuandika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka mitatu na minne ajishughulishe kwa mwili dakika 180 kwa siku, angalau 60 kati yake ziwe za nguvu za wastani hadi nyingi, na asikae muda mrefu bila kujongea. Darasa linalowakalisha saa tatu mfululizo, watoto wakitulia, linasifiwa kwa nidhamu. Ni sifa ya ajabu.

Neno kuhusu maua ya ukutani. Yakiwa 25 na yote yana petali tano nyekundu na jani moja kushoto, hiyo ni kazi ya mwalimu. Mtoto aligundisha tu. Mpe mmea halisi autazame, karatasi, na rangi mbili. Matokeo yatakuwa mabaya kwa macho ya wageni, na kila moja litakuwa na mwenyewe.

Nimalizie na kumbukumbu, kwa kuwa bila hizo mzazi atarudi kwenye kurasa, na atakuwa na haki. Mwalimu ashike kadi ndogo na kila siku atazame watoto watatu tu kwa makusudi. Kwa siku 20 hao ni 60, yaani darasa la 25 kila mmoja ametazamwa mara mbili, na siku chache zinabaki kwa wale waliokuwa wagonjwa. Aandike alichokiona, si hukumu. "Hajui hesabu" haimsaidii mtu. "Amehesabu punje 5 akigusa kila moja, ya nne ameigusa mara mbili" inamwambia mwalimu afanye nini kesho. Tarehe iandikwe, maana kadi isiyo na tarehe haionyeshi kama mtoto amesogea.

Mwisho wa mwezi kadi hizo ziwe nusu ukurasa kwa mzazi: anachoweza sasa ambacho mwanzo wa mwezi hakuweza, anachokijaribu, na jambo moja la kufanya nyumbani, kwa mfano kumtuma alete vijiko vinne na kumwacha avihesabu mwenyewe bila kusahihishwa kabla hajamaliza. Iambatanishwe na bango la kanda za mche. Wenye shule wanaodai fomu ya alama kwa asilimia waiondoe kwa madarasa haya, kwani hakuna anayejua asilimia 72 ya kushika mkasi ni nini. Na ile nusu ukurasa isizidi mistari kumi. Ikizidi, mzazi hataisoma, na mwalimu wa watoto 25 hataweza kuiandika kwa ukweli.

Mwalimu wa chekechea